Mashua Nyuma ya Panzi

Dada yangu alikuwa dereva wa ambulansi. Naanza na hilo kwa sababu hata yeye, ukimuuliza wewe ni nani, angekujibu hivyo kabla ya kukwambia kwamba ana mume, ana mtoto mmoja wa kiume, na ana mdogo wake wa kike anayeongea sana. Huyo mdogo wake ndiye mimi. Nashona sare za shule, na mdomo wangu na cherehani yangu havijawahi kupumzika kwa wakati mmoja.

Alipoanza kazi, wanawake wanaoendesha magari ya wagonjwa walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Kuna mzee aliyevunjika mguu ambaye alikataa kupakiwa mpaka aletwe dereva mwanamume. Dada akamfunika shuka vizuri, akamwambia, "Haya baba, subiri. Akizaliwa nitakuita." Kisha akampakia hivyo hivyo, mzee akilalamika njia nzima, na walipofika hospitali akaomba arudishwe na dereva yule yule.

Mume naye alimpata barabarani. Shemeji alikuwa fundi wa mashua huko ziwani, akifanya kazi na baba yake, na siku moja tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, ilimteleza ikamchana mguu hadi mfupani. Dada ndiye aliyetumwa kumchukua. Shemeji alipenda kusimulia: "Nilipakiwa nimelala, nikashushwa nimependa." Baada ya hapo alikuwa akipanda basi kuja mjini kila alipopata nafasi, akidai kidonda bado kinamsumbua, wakati kilishafunga na kuota ngozi mpya.

Walipooana ilibidi mmoja ahame. Ziwani hapakuwa na ambulansi, na mjini hapakuwa na maji ya kuelea hata bata. Akahama shemeji. Akafungua karakana ndogo mbele ya nyumba, akatengeneza milango, vitanda, madawati, na majeneza pale ilipobidi. Hakuna aliyemsikia akilalamika. Ila nilikuwa nikimwona akishika ubao mrefu, anaukunja kidogo kwa mikono, anausikiliza, halafu anauweka chini na kuchukua mwingine wa kutengenezea kitanda.

Mtoto wao alipokua na kujitegemea, shemeji akaanza kuunda mashua kwenye banda la nyuma. Dada alicheka mpaka akakaa chini. "Mtaa wenyewe maji ya bomba tunayasikia kwenye redio, wewe unaunda mashua!" Shemeji akamjibu kwamba mgongo wa dada umeharibika kwa kukaa kwenye viti vya ambulansi, na yeye atamtengenezea kiti kimoja duniani ambacho hakitamuumiza. Na kweli, kabla hata ya kupiga mbao za ubavuni, alitengeneza kiti cha mbele chenye egemeo, akamkalisha dada, akapima, akaenda kukiranda, akamkalisha tena. Miaka ikapita hivyo. Akipata mbao nzuri, mashua inaongezeka. Asipopata, anakaa ndani yake anakunywa chai.

Dada alistaafu. Mashua nayo ikakaribia kwisha. Ilibaki rangi, na kuziba viungo vichache kwa pamba na lami. Walikuwa wamepanga kurudi ziwani, wapangishe nyumba ya mjini.

Ugonjwa ulianza kama mzaha. Shemeji alitafuta randa siku nzima, tukaikuta kwenye kabati la vyombo imelazwa kati ya sahani. Tukacheka, na yeye akacheka. Baadaye akawa anasahau njia ya kurudi kutoka dukani. Baadaye akamwita dada "mama," kwa heshima, kama unavyomwita mama wa watu. Daktari alikuwa mtu mpole, alieleza taratibu. Alisema ubongo unachakaa, na mtu hupoteza mambo ya karibuni kwanza, ya zamani yakabaki, lakini hakuna mpangilio wa kuaminika. Hakuna dawa ya kumrudisha.

Sasa sikilizeni ajabu iliyotutesa. Mimi alinijua. Nywele zangu zimejaa mvi, nimenenepa, natembea kama bata, lakini nikifungua mdomo tu mlangoni, shemeji anaita kutoka ndani, "Kasuku amefika!" Ndilo jina alilonipa tangu nikiwa msichana. Sauti yangu haikuzeeka, ndivyo alivyosema. Lakini dada, aliyelala naye, aliyemwogesha na kumfunga vifungo vya shati, huyo hakumjua. Alimtafuta mke wake kijana, mwenye sare ya buluu na mkanda mweusi kiunoni. Huyu mwanamke mwenye miwani na magoti mabovu alimwona ni mtu mwema tu aliyeajiriwa kumsaidia.

Dada alivumilia hayo. Lililomshinda ni mashua.

Shemeji alianza kuibomoa. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaamka asubuhi, anavaa aproni, anaingia bandani akipiga mluzi, anang'oa misumari aliyoipiga yeye mwenyewe. Kichwani mwake kazi ilikuwa bado iko nyuma, mbao zile ziliwekwa za kujaribia tu. Dada anapigilia mchana, yeye anang'oa asubuhi. Tukamfichia nyundo, akatumia kisu cha mkate. Siku moja dada alimkuta ameshika msumeno, amekata ubao wa chini karibu na mkuku, ule mti mkuu unaobeba mashua nzima, na damu inamtoka kidoleni bila yeye kujua.

Dada akanipigia simu. "Tunaipeleka majini," alisema.

"Haijaisha."

"Naipeleka ikiwa bado ni mashua, mdogo wangu. Nikingoja, nitapeleka kuni."

Huko ziwani yupo mtu aliyejifunza ufundi kwa shemeji, sasa ni mtu mzima mwenye kipara na watoto wake. Tunamwita Mrefu. Yeye alikubali kuipokea, kuitengeneza na kuitunza. Trela tuliazima kwa watu wanaokodisha boti. Kilichobaki ni gari la kuvuta, na hapo ndipo Panzi anapoingia.

Panzi ni pikapu ya mtoto wa dada. Kijana huyo anafanya kazi ya kutengeneza mitambo machimboni, na starehe yake ni kwenda na wenzake jangwani kukimbiza magari kwenye mchanga. Pikapu yenyewe ni nyekundu, ndefu kwenda juu, matairi kama ya trekta ila imetengenezwa iruke vilima ikiwa kasi na kutua kama paka. Ndiyo maana watoto wa mtaani waliiita Panzi. Mimi kuingia humo nahitaji kusukumwa makalio.

Kijana hakuweza kuja. Zamu yake ilikuwa imeshapangwa na msimamizi aligoma. Alileta gari jioni ya siku iliyotangulia, akazunguka nalo na mama yake.

"Mama, nguvu usiogope. Injini hii inavuta nyumba."

"Sijasema halina nguvu," dada alijibu, akisukuma kona ya nyuma kwa kiganja. Gari likabonyea likainuka, likabonyea likainuka. "Springi zake ni laini. Zimetengenezwa kuruka, hazikutengenezwa kubeba."

"Ni kweli. Waliolitengeneza wameandika livute kidogo kuliko pikapu za kazi. Lakini mashua ya baba haifiki uzito huo, nimeulizia. Uende polepole tu, Mama."

"Mwanangu, mimi nimebeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa kwenye barabara ya mashimo. Polepole naijua."

Kijana akamkumbatia, akaenda kumuaga baba yake. Shemeji akampa mkono, akamuuliza anatoka wapi. Kijana akajibu kwamba anatoka machimboni. Alipotoka nje alisimama ukutani muda mrefu, akijifanya anaangalia simu.

Asubuhi tulipoipandisha mashua kwenye trela kwa msaada wa majirani na kuliunganisha na gari, Panzi akachuchumaa. Nyuma kukazama, mbele kukainuka, taa zikawa zinaangalia mawingu. Dada akaamuru mashua isogezwe nyuma kidogo juu ya trela. Kidogo tu, alisema, maana pua ya trela ikiwa nzito gari linakaa chini, na ikiwa nyepesi mno trela linacheza ngoma. Wakasogeza, dada naye akachuchumaa kutazama, wakasogeza tena. Akakaza mikanda mwenyewe, akapanga minyororo ya usalama, akanituma nyuma nimwambie kama indiketa zinawaka. Zamani angemaliza kwa dakika chache. Siku hiyo alikuwa akikaza mkanda mmoja, anasimama, anapitisha kiganja kwenye ubavu wa mashua, halafu anaenda kwenye mwingine.

Shemeji akatoka nje na aproni yake. Aliizunguka mashua, akaigonga kwa vidole, akainamisha sikio.

"Hii ya nani?" akauliza.

Dada akawahi kujibu. "Ya fundi mmoja."

"Anajua kazi, huyu. Tazama viungo vyake." Kisha akafika pale alipokata kwa msumeno, palipozibwa kwa kipande cha bati. Uso ukamkunjamana. "Ila hapa kuna mtu ameiharibu. Mlevi, bila shaka. Msimruhusu tena kuisogelea."

"Hatutamruhusu," dada alisema.

Tukaondoka. Dada kwenye usukani, shemeji pembeni yake, mimi kiti cha nyuma na kikapu cha chakula. Mtaani tulikwenda mwendo wa arusi. Kila tuta lilitupandisha na kutushusha kama tuko majini tayari, na dada akawa anatazama vioo vya pembeni zaidi kuliko anavyotazama mbele. Tulipotoka mjini, barabara ikanyooka, shemeji akageuka kunitazama.

"Kasuku, umekuja! Mbona uko kimya? Unaumwa?"

"Siumwi, shemeji."

"Dada yako yuko wapi?"

Nilitazama kile kioo cha katikati. Macho ya dada yalikuwa yameganda barabarani.

"Yuko kazini, shemeji."

Hilo halikuwa uongo. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Wanamchosha sana, wale."

Katikati ya safari kuna mteremko mrefu unaoingia bondeni. Tulikuwa tunashuka kwa utaratibu, gia ndogo, wakati lori la mizigo lilipotupita kwa kasi. Upepo wake ukalipiga trela. Nilihisi kiuno cha gari kikivutwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi. Zile springi laini badala ya kuzuia zikawa zinaitikia. Nilipogeuka, niliona mashua inajitokeza upande huu wa dirisha, inapotea, inajitokeza upande wa pili. Nikapiga kelele, sijui nilisema nini.

Dada hakukanyaga breki. Alishika usukani umenyooka, hakuupindisha kufuata wala kukwepa, akaondoa mguu kwenye mafuta, na kwa mkono wa kushoto akabonyeza swichi ndogo iliyo karibu na usukani, inayofunga breki za trela peke yake. Akabonyeza, akaachia, akabonyeza. Trela likajivuta kutoka nyuma kama ng'ombe anayegoma, likapunguza kuyumba, likanyooka. Tukafika chini. Akaegesha pembeni, akazima gari.

Shemeji hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alimtazama dada kwa heshima kubwa.

"Dereva," alisema, "wewe ni hodari. Mke wangu angekusifu, naye huwa hasifu mtu. Anaendesha ambulansi."

"Nimewahi kumsikia," dada alisema.

"Kila mtu amemsikia!" Akacheka, akatulia. Nje upepo ulikuwa unapiga mikanda ya mashua, inavuma. "Nikwambie kitu, dereva? Wewe una uso wa mtu wa kutunza siri."

Nilitaka kusema jambo, kumkatiza, kumpa chungwa, chochote. Dada akaniinulia kidole kwenye kioo.

"Niambie."

"Nilitoka ziwani kwa ajili yake. Nilimwacha baba yangu na kazi yake. Baba akafa peke yake, mashua ya mwisho iko nusu. Watu huniuliza kama nilijuta, nami huwaambia sikujuta." Alikuwa anasugua kidole chenye kovu. "Nilijuta. Si kila siku. Lakini zipo siku nilikuwa nagongelea kitanda cha mtu nikajisemea, laiti mguu ule usingechanika."

Lori lingine likapita, gari likatikisika.

"Usimwambie," shemeji alisema. "Ataumia. Atadhani sikumpenda, na mimi sijawahi kupenda kitu kingine namna ile. Vyote viwili ni kweli, sasa utamwelezaje mtu?"

"Sitamwambia," dada alisema.

Akawasha gari. Nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo uso sikuuona. Niliona shingo tu, na ule mshipa wa shingoni unaopiga.

Ziwani tulifika jua likiwa juu. Mrefu alikuwa anatungoja na vijana wake wa kazi kwenye njia ya saruji inayoshuka majini. Alipomwona shemeji alimpa mikono yote miwili, akamwita Mwalimu. Shemeji hakumjua, lakini alishika vidole vyake, akavigeuza, akaona sugu. "Wewe ni fundi," alisema. "Karibu." Kama vile mwenyeji ni yeye.

Dada alirudi rivasi na trela mpaka matairi yakalowa, mara moja, bila kunyoosha mara mbili. Mikanda ikafunguliwa. Mashua ikateleza, ikasita kidogo, kisha ikaelea. Sijui niseme vipi. Miaka yote ile nilikuwa nimeiona imekaa juu ya magogo, nzito kama nyumba. Majini ilikuwa nyepesi, ilizunguka yenyewe taratibu kama mtu anayetazama chumba kipya. Maji yaliingia kidogo kwenye lile bati. Mrefu akasema si neno, mbao zikinywa maji zitavimba na kujifunga.

Shemeji alikuwa amesimama na mkono kifuani.

"Mwalimu, panda," Mrefu alimwambia. "Tukuzungushe kidogo."

"Hapana. Bado." Akatazama nyuma, kwenye barabara. "Wa kwanza kupanda ni mke wangu. Nimemtengenezea kiti. Tumngoje, hatachelewa."

Tukatazamana. Dada akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaiweka mfukoni. Akamsogelea mumewe, akamshika mkono, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ndogo ya msichana.

"Mume wangu. Nimeshafika. Ni mimi."

Shemeji alimtazama usoni kwa makini. Kwa muda nilidhani kuna kitu kinakuja. Nyusi zake ziliinuka, midomo ikaachana kidogo. Kisha akautoa mkono wake, polepole, kwa adabu, ili asimwaibishe.

"Dereva, samahani," alisema kwa kunong'ona. "Mimi ni mtu na mke wangu."

Mmoja wa vijana wa Mrefu alicheka bila kujua. Mrefu akamkata jicho.

Dada alisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha, sijui ni nini kilimwingia, labda uchovu, labda hasira, labda alitaka tu kukikalia kile kiti mara moja katika maisha yake kikiwa mahali pake. Alipandisha gauni, akakanyaga maji hadi magotini, akajivuta ndani ya mashua. Akaenda moja kwa moja mbele, akakaa. Akaegemea. Mrefu akaruka nyuma yake na kasia, akasukuma.

Wakaenda kama urefu wa uwanja wa mpira. Dada alikuwa ametupa mgongo, tunaona kichwa chake na mabega tu. Mabega yalishuka. Ninavyomjua dada yangu, mabega yake hayajawahi kushuka namna ile, tangu alipoanza kazi.

"Kasuku," shemeji aliniuliza, "yule mwanamke ni nani?"

"Yupi, shemeji?"

"Yule aliyekalia kiti cha dada yako."

Mimi, Kasuku, nikajifanya nafunga kanga.

Akaanza kushuka ile njia ya saruji. "Wewe!" alipaza sauti. "Wewe mama! Shuka! Hicho kina mwenyewe!" Viatu vikaingia majini, nikamshika aproni, akanivuta. "Nani amemruhusu? Mwambieni ashuke! Kiti cha mke wangu hicho!" Sauti ilimkatika, akaanza kulia, mtu mzima yule, akipiga maji kwa viganja. "Nimekifanyia kazi miaka yote. Hata yeye mwenyewe hajakikalia. Hata yeye!"

Dada alikuwa amegeuka. Alituona. Alimwambia Mrefu neno moja, na Mrefu akageuza mashua.

Alishuka kabla haijagusa saruji. Akaja mpaka alipo mumewe, wote wawili wamelowa, akainamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na kosa.

"Nisamehe, mzee. Nimekosea. Sikujua kina mwenyewe."

Shemeji alipumua kwa nguvu. Akajifuta macho kwa mkono. Hasira ilimtoka haraka kama ilivyokuja, akabaki na haya.

"Si kitu, dereva. Wewe ni mgeni. Ungejuaje?" Akampigapiga bega. "Akija nitamwomba akupishe siku moja."

Tulikula chakula chetu kwa Mrefu, hakuna aliyemaliza. Kurudi, trela tuliliacha huko kwa wenyewe, Panzi hakuwa na kitu nyuma, akawa anarukaruka kwenye kila tundu, na shemeji alilala ameegemea dirisha. Nilimwambia dada apumzike nami niendeshe kidogo. Aliniambia niache utani, mimi hata baiskeli ilinishinda. Tukacheka. Kicheko kikamgeuka njiani, akaendesha huku analia, bila sauti, bila kupunguza mwendo, akijifuta kwa bega ili mikono isitoke kwenye usukani.

Nyumbani shemeji aliingia bandani siku chache, akakuta magogo matupu, akauliza mbao ziko wapi. Baadaye akaacha kuuliza. Akawa anakaa kibarazani, na kila alasiri anasimama, anavaa kofia, anasema, "Dereva, nirudishe nyumbani sasa." Dada hakubishana naye. Alimweka kwenye gari lake dogo, akazunguka mtaa, akapita sokoni na shuleni, akarudi mlango ule ule. "Tumefika, mzee." Shemeji alishuka, akamshukuru, akaingia ndani kumtafuta mkewe.

Alifariki mwaka uliofuata, hospitali, mapafu yakiwa yamejaa. Nilikuwepo. Muuguzi alikuwa mtu wa huruma, alimshika shemeji begani akamwambia, "Baba, mkeo huyu hapa, anakuangalia." Shemeji alifumbua macho, akamtazama dada. "Huyu ni dereva," alimweleza muuguzi, kwa shida. "Mtu mwema sana. Mke wangu yuko njiani." Dada akasema ndiyo, yuko njiani, ameshapita daraja, anakaribia. Akaendelea kumtajia barabara, mzunguko, kituo cha mafuta, geti la hospitali, taratibu, kama alivyokuwa akiwatajia wagonjwa wake njiani, mpaka alipoona hakuna anayesikiliza tena.

Mashua iko hai. Mrefu aliitengeneza vizuri, akaipaka rangi nyeupe, anavushia watu na mizigo yao. Ameshapiga simu mara nyingi kumwita dada aende akaione. Mtoto wa dada naye alijitolea kumpeleka na Panzi. Kiti cha mbele, Mrefu anasema, hakuna abiria anayeruhusiwa kukikalia, amekifunga kamba.

Juzi nilikwenda kwake kumpimia gauni. Nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo mara hii nilisema maneno machache. Nilimuuliza kwa nini hataki kwenda, na kiti kile ni chake, kila mtu anajua ni chake.

Alikuwa ameinua mikono ili nipime kifua. Hakuishusha.

"Alinikataza," alisema.